Bastola Chini ya Kihenge

Jumatatu, 3 Juni

Daktari wa Mbeya aliniagiza niandike kila siku Danieli anakunywa vidonge vingapi vya maumivu, na analalaje. Nimechukua daftari la Irene lililobaki na kurasa nyingi. Binti yetu yuko shule ya bweni na hatalihitaji. Basi, leo vidonge vinne. Usingizi wa vipande vipande.

Kwa kuwa kalamu ninayo mkononi, niandike na mengine. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo. Mwezi wa tatu lori lake lilipinduka upande wa Zambia akavunjika nyonga. Walimfunga plasta hukohuko, wakamrudisha Tunduma amelazwa juu ya mizigo ya watu. Mfupa haukuunga. Daktari anasema kichwa cha mfupa kinakufa, na dawa ni kumwekea nyonga ya bandia. Asipofanyiwa kabla ya mwaka kwisha, misuli itakuwa imesinyaa kiasi kwamba hata nyonga mpya haitamsimamisha. Alitaja gharama. Sitaiandika hapa. Mwenye lori alipokea simu yangu mara mbili, ya tatu hakupokea.

Tuko hapa Hasamba kwa baba yangu, ambaye naye alifariki wiki moja baada ya Pasaka. Nyumba na vyote vilivyomo aliniachia mimi, shamba la juu akampa mdogo wangu Shadrack. Kahawa imeanza kuiva. Baridi inauma mpaka kwenye kucha.

Jumanne, 4 Juni

Vidonge vinne. Ukungu haukuondoka hadi saa nne.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nilikuwa nasafisha kihenge cha baba ili nipate pa kuweka mahindi. Chini kabisa, pale mbao zinapogusa mawe, nikakuta debe la mafuta la zamani limefungwa kwa waya. Nikadhani ni mbegu. Ndani kulikuwa na blanketi limelowa mafuta ya nguruwe, na ndani ya blanketi, bastola.

Niliiangusha. Nikatoka nje nikasimama, nikarudi.

Ni nzito kuliko ninavyoweza kueleza, nikiishika kwa mkono mmoja kifundo kinalegea. Nyeusi, sehemu nyingine imegeuka kahawia. Ina silinda yenye matundu sita, na chini ya mpini kuna pete ya kupitishia kamba. Kuna herufi na namba zimepigwa kwenye chuma. Kwenye kona ya debe zilikuwapo risasi mbili, fupi na nene, zimeota kutu ya kijani.

Baba alituambia mara moja tu kwamba babu alikuwa tengatenga, mbeba mizigo wa Waingereza, vita ile ya kwanza ilipopita hapa mpakani. Hakusema alirudi na nini.

Nimemwonyesha Danieli. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Machi. "Mama Irene," akasema, "hii ni mali. Wazungu wananunua vitu hivi."

Vidonge vitatu tu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeirudisha chini ya kihenge. Sikusikia mahubiri hata neno moja. Bunduki bila kibali ni jela miaka mingi, kila mtu anajua. Lakini nilikuwa naiwaza nyonga.

Jumatano, 12 Juni

Tumechuma debe nane. Vidonge vinne.

Jumamosi, 22 Juni

Nimepata wazo. Niliweka karatasi juu ya zile alama, nikasugua kwa penseli, zikatokea kama sarafu zinavyotokea watoto wanapocheza. Nikaikunja karatasi, nikaenda nayo Mlowo kwa Mzee Luka. Sasa hivi anatengeneza cherehani, lakini miaka ishirini na sita alikuwa jeshini, fundi wa silaha. Alikuwa rafiki wa baba.

Aliitazama karatasi muda mrefu, akaenda kufunga mlango wa duka.

"Umeisugua kwenye nini?"

"Chuma fulani, mzee. Cha urithi."

"Usiniletee hapa. Cherehani yenu ya nyumbani inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Imeharibika," akasema. "Nitakuja Jumanne kuitazama."

Jumanne, 25 Juni

Alikuja na mkoba wa vifaa. Tulikaa chumbani na Danieli, pazia limeshushwa. Mzee Luka alivaa miwani, akasukuma kidude kwa kidole gumba, na bastola ikakatika katikati mithili ya mtu anayeinama kusalimia, na kule nyuma ya silinda kikainuka kitu kama nyota. Danieli akasema "Eee!" kama mtoto.

"Ya Kiingereza," akasema mzee. "Webley, aina ya sita. Soma hapa, elfu moja mia tisa kumi na sita. Mshale huu mdogo ni alama ya serikali yao. Aliibeba ofisa." Kisha akasoma namba kwenye fremu, akasoma namba kwenye silinda, akavuta pumzi. "Unaona? Haziko sawa. Silinda ni ya bastola nyingine. Fundi wa vitani alichukua huku akabandika huku. Na ndani ya mtutu kumeliwa na kutu."

Danieli akauliza bei.

"Huko Ulaya kuna watu wanazitundika ukutani. Ingekuwa na namba moja, na mtutu safi, mtu angetoa hata milioni tano za kwetu. Hii labda nusu. Lakini huyo mtu yuko Ulaya, baba, na ninyi mko Hasamba. Hapa haina bei. Hapa ina kifungo." Akazishika zile risasi mbili, akazitikisa sikioni. "Hizi mama, leo hii, tupa chooni. Risasi ya miaka mia haina akili. Inaweza isilie, inaweza ikalia mkononi."

Hakutaka hata chai. Mlangoni aliniambia taratibu, "Kila utakayemuuliza bei, ujue umeongeza shahidi."

Vidonge sita. Danieli amelala ameuelekea ukuta.

Jumatano, 26 Juni

Sikuzitupa. Nilisema nitazitupa kesho.

Alhamisi, 4 Julai

Mashine ya kukoboa imekatika mkono. Tumekoboa kwa zamu na jirani yetu Elizabeti, kwa mashine yake. Vidonge vitano.

Jumapili, 14 Julai

Danieli amempigia Shadrack bila kuniambia.

Niseme ukweli kuhusu mdogo wangu, maana daftari hili hakuna mtu mwingine anayelisoma. Anabadilisha kwacha pale mpakani Tunduma. Anaishi kwa tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei anayokuuzia wewe. Baba alipougua alikuja mara mbili, na mara zote mbili simu yake haikunyamaza. Sikutaka ajue.

Alifika mchana na pikipiki, kiatu kinang'aa. Akapiga picha kila upande, akazifuta zile zilizoonyesha dirisha letu. "Dada, hapo mpakani kuna mtu anaitwa Chanda, Mzambia. Anatafutia Wazungu vitu vya kale. Ngao, ngoma, visu. Niachie."

"Na wewe utapata nini?"

Alinitazama. "Dada, shemeji amelala pale."

Hilo si jibu. Nimeihamisha, siyo chini ya kihenge tena.

Alhamisi, 18 Julai

Shadrack amepiga. Chanda ameziona picha. Anasema milioni kumi na mbili.

Nilikaa chini palepale shambani kati ya mistari. Milioni kumi na mbili ni nyonga, na kitanda cha hospitali, na nauli, na inabaki. Nikamwambia mzee Luka alisema nusu ya tano. Shadrack akasema mzee Luka anajua silaha, hajui soko. Tena Chanda anasema kama kuna risasi zake za asili, bei inapanda.

Ndiyo maana Mungu hakuniruhusu kuzitupa. Hivyo ndivyo nilivyowaza, naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Ijumaa, 19 Julai

Vidonge vitatu. Danieli amekula ugali wote.

Jumatatu, 29 Julai

Chanda yuko Lusaka. Atarudi wiki ijayo.

Jumatano, 7 Agosti

Chanda yuko Kasama. Upepo umeezua bati mbili za banda. Vidonge vitano.

Jumatano, 14 Agosti

Chanda hapokei. Vidonge sita.

Jumatatu, 19 Agosti

Kila pikipiki inayopunguza mwendo barabarani najua ni polisi. Elizabeti aliponiuliza leo kwa nini ghala la kahawa nalifunga kwa kufuli mbili, nilimjibu vibaya, naye hakunikosea chochote. Akaondoka na kikapu chake. Nimemfikiria Shadrack mchana kutwa. Huenda Chanda hayupo kabisa. Huenda Shadrack anangoja nichoke, aichukue kwa laki tano aiuze mwenyewe.

Nyonga ya Danieli imevimba. Kumgeuza ni kazi ya watu wawili, nami niko peke yangu. Leo wakati namgeuza alisema, "Ungeolewa na mtu mwingine sasa hivi ungekuwa umeshaanika kahawa." Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza kweli, hadi jioni.

Ijumaa, 23 Agosti

Vidonge saba. Daktari alisema visizidi sita. Nimeviweka juu ya kabati.

Jumapili, 1 Septemba

Kanisani leo mwinjilisti amesoma tangazo. Polisi wanatoa msamaha: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kituoni au kwa mtendaji ndani ya miezi hii miwili, hataulizwa alikoipata wala hatashitakiwa. Watu waligeuka kutazamana, wengine wakacheka, kila mtu anamjua jirani mwenye gobore. Mimi nilitazama mbele.

Nyumbani nikamwambia Danieli. Akasema, "Uitoe bure? Baada ya yote haya?" Halafu akasema, "Fanya utakavyo, Mama Irene. Ni yako."

Sijafanya lolote. Shadrack hatimaye amempata Chanda kwenye simu, anakuja wiki hii.

Jumatano, 4 Septemba

Danieli ametulia sana siku hizi. Vidonge vitatu. Aliomba anyolewe ndevu. Ameniuliza kahawa kavu iko magunia mangapi, na ada ya Irene ya mwakani tutaitoa wapi, akasikiliza vizuri. Ameniomba msamaha kwa maneno ya mwezi uliopita. Amempigia Irene shuleni kupitia simu ya matroni, wakaongea mpaka salio likaisha.

Nimemshukuru Mungu. Nadhani tumaini la wiki hii limemponya kuliko vidonge.

Ijumaa, 6 Septemba

Ameniuliza nimeificha wapi, ili nikifa ghafla ajue. Nikamwambia: ndani ya gunia la tatu, ghalani.

Jumanne, 10 Septemba

Alhamisi ndiyo siku. Shadrack anasema nije kwanza bila kitu, tuzungumze na Chanda uso kwa uso. Danieli ameanza kutembea kwa magongo hadi mlangoni. Vidonge viwili!

Jumapili, 15 Septemba

Siku tatu sikuandika. Nitaandika leo kwa mpangilio, nisiruke kitu.

Alhamisi niliondoka asubuhi. Danieli alikuwa amekaa kitandani, ameoga. Alisema, "Salimia Tunduma." Nikacheka.

Chanda yupo kweli. Nilimkuta na Shadrack kwenye mgahawa nyuma ya maegesho ya malori, mtu mnene mwenye sauti ya upole, anachanganya Kiswahili na Kibemba na Kiingereza. "Mulishani, ba mayo," yaani hujambo mama kwa Kibemba, akainuka kunipa kiti. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikaona ni mtu mwema. Kisha akatoa simu, akakuza picha.

"Ba mayo, namba hii na hii siyo moja. Mteja wangu ameona. Sasa anasema milioni tatu."

"Ulisema kumi na mbili."

"Nilisema kabla ya namba. Na hela mnapokea ng'ambo, Nakonde. Mzigo unaupitisha wewe mwenyewe kwa njia ya mashambani. Mama na kikapu, nobody asks."

Mzee Luka alikuwa ameniambia hivyo hivyo Juni, bure, akiwa amevaa miwani yake. Nilikuwa nimeuza miezi mitatu kwa mtu anayeniambia neno lilelile. Lakini jamani, nilikubali! Nilisema ndiyo. Shadrack aliruka: "Dada, hapana. Milioni tatu uvuke na silaha kichwani? Wakikukamata?" Nikamwambia aliyeleta mtu huyu ni nani kama si yeye. Nikamwambia mbele ya Chanda kwamba anachoogopa ni kukosa cha kwake. Niliondoka peke yangu, nimemwahidi Chanda Ijumaa.

Nilifika Hasamba kama saa tisa. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooshwa. Juu ya mto kulikuwa na leseni yake ya udereva na kitambulisho, vimewekwa sambamba.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Funguo anajua ninapoziweka. Danieli alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye magunia, magongo yamelala pembeni. Gunia la tatu limemwagika. Bastola ilikuwa mapajani, mikono yake juu yake. Jasho lilikuwa limemlowesha kama mtu aliyetolewa mtoni.

Hakuniangalia. Alisema, "Nimevuta mara mbili."

Sikuelewa.

"Imelia tu *ta*. Mara mbili. Hata hii imenikataa."

Nilijikuta chini. Sijui nilitembeaje. Niliichukua mikononi mwake, naye akaiachia bila ubishi, akaniambia tena kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, kwamba alifikiri vizuri, kwamba bila yeye kahawa ingetosha ada ya Irene, kwamba milioni yoyote ningeipata ingekwenda kwenye mfupa uliooza. "Nilikuwa nakuhurumia," akasema.

Risasi zile nilizihifadhi mimi. Mzee Luka alisema zitupe leo hii. Nilizihifadhi kwa sababu bei ingepanda. Nimeliandika na litakaa hapa.

Sikujua nimpigie nani. Kidole kilikwenda kwa Shadrack, yuleyule niliyemtukana asubuhi. Sikusema hata sentensi nzima. Alisema, "Kaa naye. Usimwachie mkono. Usimwachie, dada." Sijui aliendeshaje, alifika jua halijazama, mavumbi mpaka kwenye kope. Akaingia ghalani, akaketi upande wa pili wa Danieli, akamkumbatia shingo, na wakalia wote wawili, wanaume wazima, nikiwa kando yao na kile chuma kwenye kanga.

Amebaki hapa tangu siku hiyo. Analala mkekani miguuni pa kitanda. Anamwogesha. Hajaigusa simu.

Jumatatu, 16 Septemba

Chanda amepiga mara kumi na moja. Shadrack ameipokea ya mwisho, akasema maneno machache kwa Kibemba, akaitoa laini akaivunja.

Nikamwuliza, "Ulikuwa upate ngapi?"

"Hamna."

"Shadrack."

"Nilimwambia cha juu chochote akiongeze kwenye cha kwako. Ulifikiri nini? Shemeji ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza mpakani nikiwa sina viatu." Halikuwa na hasira jibu lake, na ndiyo maana limeniuma.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumeamua kuisalimisha. Kinachonitisha siyo bastola sasa, ni risasi. Nyuma ya kila moja kuna kidonda kidogo, pale msumari ulipogonga. Mwenye macho ataona zimejaribiwa. Na kujaribu kujiua nako ni kosa, mtu hufungwa. Niliwaza kuzitupa chooni sasa. Danieli amesema hapana: "Umechoka kuficha. Peleka zote."

Ijumaa, 20 Septemba

Tumekwenda kituoni mimi na Shadrack. Elizabeti amebaki na Danieli. Nilimwomba msamaha kwanza, nikamweleza yote. Alivua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni, akasema, "Nendeni. Hatoki machoni pangu."

Mezani alikuwapo koplo mwanamke, kitambulisho chake kinasema Erica. Aliifungua kanga, akaita mwenzake, mwenzake akaishangaa, akaipima mkononi, akaondoka. Koplo akaanza kujaza fomu. Aina. Namba. Nikamtajia mwenyewe: Webley, aina ya sita, elfu moja mia tisa kumi na sita, namba ya silinda tofauti. Aliinua macho.

"Mama unaijua kuliko sisi."

"Nimekaa nayo msimu mzima."

Kisha akazishika risasi. Akaigeuza ya kwanza, akaigeuza ya pili. Akaleta taa ya simu. Shadrack alinishika kiwiko.

"Hizi zimegongwa," akasema. "Na ni juzi. Kutu imebanduka hapa, chini kunang'aa."

Machozi yalishuka yenyewe, sikuyafuta, maana kuyafuta kungekuwa kusema.

Alinitazama. Akatazama mlango. Kalamu ikaenda kwenye fomu, nikaisoma kichwa chini: *risasi mbili, chakavu, hazifai.* Akagonga muhuri. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, siyo ya kiaskari:

"Na sasa hivi, huko nyumbani, yuko na nani?"

"Ni mume wangu. Nyonga imevunjika, hela ya operesheni hatuna. Yuko na jirani."

"Asiachwe." Akaandika namba ya simu nyuma ya stakabadhi. "Huyu ni ofisa ustawi wa jamii, hospitali ya Mbeya. Mwambie umetumwa na dada yake. Ana msamaha wa gharama kwa wasiojiweza, siyo wote, lakini anza hapo. Na mwambie yote mama. Hilo la mguu, na hili."

Nje Shadrack aliomba tuketi kwanza kando ya ukuta.

Jumatano, 2 Oktoba

Tumetoka Mbeya. Tumepunguziwa karibu nusu. Daktari wa akili amezungumza na Danieli saa nzima, mlango umefungwa. Ametoka na dawa nyingine, na amechoka. Operesheni ni tarehe kumi na mbili Desemba, tukipata iliyobaki.

Vidonge vinne. Kimoja cha aina mpya.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimesikia kwa watu, siyo kwake, kwamba Shadrack ameuza kiwanja chake cha Mpemba. Alikuwa ameshamwaga mawe ya msingi. Nilipomwuliza akasema mawe hajayauza.

Jumapili, 13 Oktoba

Joto. Hakuna hata wingu. Danieli hajazungumza tangu juzi. Nimeogopa kila nikitoka kwenda kisimani. Nimeondoa kamba zote za banda, nimempa Elizabeti visu, jiko la mkaa naliwasha nje tu. Shadrack alirudi Tunduma jana kutafuta riziki, anapiga simu kila baada ya saa mbili.

Jioni nilishindwa. Nilimwambia, "Niahidi hutarudia."

Nikajuta kuuliza. Kisha akasema, "Siwezi kukuahidi, Mama Irene. Nikiahidi nitakuwa nakudanganya kama Septemba. Ila nitakuambia. Siku ikija nitakuambia, kabla."

Si hicho nilichotaka. Lakini ni cha kweli. Mengine yote aliyoniambia wakati ule, ya upole, hayakuwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Chama cha ushirika kinafunga kupokea kahawa Jumamosi ya wiki ijayo. Iliyobaki yetu ni ya mwisho na ndiyo nzuri kuliko zote, iko kwenye vichanja. Siku tano za jua, basi.

Jumanne, 22 Oktoba

Vidonge vinne. Jua zuri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Asubuhi nilikuwa nageuza kahawa vichanjani. Wingu lilikuwa limetanda juu ya milima ya Iyula, jeusi, mapema mno kwa mwezi huu. Elizabeti aliita kutoka kwake kwamba nianze kufunika, naye alikuwa anakimbia na maturubai yake. Nilikuwa nimeshika pembe ya turubai la kwanza.

Danieli aliita kutoka ndani. Hakupaza sauti.

"Mama Irene. Leo."

Niliachia turubai. Niliingia nikaketi kitandani, nikamshika mkono, vile Shadrack alivyonifundisha, vidole ndani ya vidole. Mkono ulikuwa baridi. Halafu mvua ikaja, matone makubwa makubwa kwanza kwenye bati, kisha yote kwa pamoja, mpaka tusingesikiana hata kama tungeongea. Dirishani niliviona vichanja. Niliyaona maji yakipita katikati ya kahawa, yakiishusha chini kwenye tope, punje kwa punje.

"Kahawa," akasema sikioni mwangu.

"Naiona."

"Nenda."

"Siendi."

Ilinyesha hadi saa saba. Mvua ilipokata alikuwa bado ameshika mkono wangu, mkono wake umepata joto. Akasema amesikia njaa. Nikaenda kupika.